Sadaka iliyopitia kwa mbwa: Pemba, kichaa kilichoondoka na kurudi

Kikao kilikuwa cha kufunga mwaka. Sisi ni watu wa Pemba tunaoishi Dar es Salaam, tuna mfuko wetu mdogo wa kusaidiana na kupeleka chochote nyumbani: madawati ya skuli, pampu ya kisima, gharama za mama aliyelazwa. Tulikuwa tumeshagawa sehemu kubwa ya fedha wakati kijana mmoja, daktari wa mifugo, aliponyanyua mkono na kuomba fungu la kuchanja mbwa. Watu wakatazamana. Mzee aliyekaa karibu na mlango akavua miwani yake akauliza: "Mwanangu, watu hawajesha kutibiwa, leo tuanze na mbwa?" Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao.

Kijana hakukasirika. Akasema tu, "Babu, hao watu wenyewe ndio nnaowasemea," akakaa.

Ombi lake likaahirishwa. Mimi ni katibu, kwa hiyo kazi ya kutafuta maelezo iliniangukia, na ndivyo nilivyojikuta nasoma habari za kisiwa changu mwenyewe ambazo sikuwahi kuzisikia nikiwa kule. Nikazikusanya kwa ajili ya kikao kilichofuata. Haya hapa ndiyo niliyoyaandika, nikiwa nimeongeza maneno kidogo.

Niseme kwanza kwa ufupi kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa jina tu. Kichaa cha mbwa ni cha virusi. Vinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na vinaingia kwa mtu kupitia jeraha la meno au mkwaruzo. Dalili zikishaanza kwa mtu, anayepona karibu hayupo. Lakini kabla ya dalili, aliyeoshwa jeraha vizuri na kuchanjwa kwa wakati karibu hafi. Duniani huua takriban watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Asilimia 99 ya vifo hivyo chanzo chake ni mbwa. Si popo wala mbweha. Ni mbwa huyuhuyu wa uani.

Sasa Pemba. Kuanzia 2010 kisiwa chetu kiliingizwa katika mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofadhiliwa na Bill & Melinda Gates Foundation, mradi uliokuwa pia KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini na katika visiwa vya Ufilipino. Kwa upande wa Tanzania ulihusu wilaya 28 za kusini mashariki, zikiwemo zetu nne za Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchanja mbwa kwa wingi, bila malipo.

Sambamba na chanjo kulikuwa na kazi nyingine ya kimyakimya, na hiyo ndiyo inayonifanya nikiamini kisa hiki. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Glasgow, pamoja na maofisa wa mifugo na wa afya wa hukohuko, walianza kumfuatilia kila mtu aliyeumwa na mbwa. Aliumwa wapi? Mbwa ni wa nani? Huyo mbwa aliumwa na nani kabla yake, na baada ya hapo akamuuma nani? Walifanya hivyo kuanzia 2010 hadi 2020. Mbwa waliokufa walichukuliwa sampuli za ubongo na virusi vikasomwa vinasaba, ili ijulikane kirusi cha shehia hii (eneo dogo la utawala kwetu Zanzibar) ni ndugu wa kile cha shehia ya pili au ni mgeni kabisa. Matokeo, Kennedy Lushasi akiwa mwandishi wa kwanza, yalitoka 2023.

Walikuta kwamba mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano ya maambukizi inayozunguka kisiwani kwa wakati mmoja. Chanjo ilianza kwa utekelezaji dhaifu, ikaboreshwa mwaka hadi mwaka, na kadiri ilivyoboreka ndivyo mbwa wenye kichaa walivyopungua, walioumwa wakapungua na waliokufa wakapungua. Kufikia Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kisiwa chenye zaidi ya watu laki nne wakati ule kikawa hakina kichaa cha mbwa.

Halafu chanjo ya kisiwa kizima ikakatika pia.

Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena, mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Vinasaba vilionyesha wazi kwamba si mabaki ya ile minyororo ya zamani yaliyofufuka. Walikuwa wageni wawili. Mbwa hawezi kuogelea mkondo wa Pemba. Mwenye virusi anaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akila na kutikisa mkia kabla dalili hazijaonekana, na katika muda huo anaweza kupanda chombo kama abiria mwingine yeyote. Alipofika hakukuta kinga. Mbwa waliochanjwa 2013 na 2014 wengi walikwishakufa, na watoto wao hawakuwahi kuona sindano. Mlipuko ukawaka. Chanjo ya kisiwa kizima ikarudishwa, na Oktoba 2018 ugonjwa ukazimwa kwa mara ya pili.

Kisa chote ndicho hicho. Unaweza kukisoma kama habari njema, na ni njema kweli: mahali padogo, watu wetu wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi kubwa hazijaliweza. Mimi kilichonishika ni ile miaka miwili katikati, 2014 hadi 2016.

Sina ushahidi wa nini hasa kilisemwa katika ofisi za wafadhili au za serikali. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuwa katibu wa mfuko kama wetu anaweza kulikisia bila shida. Mradi una mwanzo na mwisho wake kwenye karatasi. Ugonjwa umekwisha, ripoti imeandikwa, picha zimepigwa. Mwaka unaofuata anayekuja kuomba fedha za kuchanja mbwa ataulizwa: wagonjwa ni wangapi? Atajibu: hakuna. Na hapo ombi lake litakuwa limekufa, kwa sababu ya kazi nzuri aliyoifanya mwenyewe. Hospitali haipatwi na mtego huu. Hospitali daima ina mgonjwa wa kuonyesha.

Kwa nini basi asilimia fulani ya mbwa waliochanjwa leo isitoshe kwa miaka mitano? Kwa bahati nzuri kichaa cha mbwa si moto mkali. Utafiti uliofanywa Serengeti na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wastani wa mbwa mmoja na ushei tu. Ndiyo maana mnyororo unakatika kwa urahisi kuliko watu wanavyofikiri: huhitaji kumchanja kila mbwa, inatosha sehemu kubwa yao wawe na kinga muda wote. Ugumu uko kwenye hayo maneno "muda wote". Mbwa wa kijijini haishi sana. Anagongwa, anaugua, anakufa njaa, na majike wanazaa. Ukichanja saba katika kumi mwezi wa Januari, kufikia Desemba huna tena saba. Kiwango cha asilimia 70 kinachotajwa kila mahali kimewekwa juu kwa makusudi, ili hata baada ya mwaka mzima wa vifo na uzazi kinga iliyobaki iwe bado inatosha mpaka kampeni ifuatayo. Ukiruka mwaka mmoja unacheza bahati nasibu. Ukiruka miwili, umeshaanza upya.

Kuna jambo moja dogo ambalo daktari wetu wa mifugo alinisisitizia niliweke: watoto wa mbwa nao wachanjwe, hata wale wa wiki chache. Watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno. Wakiachwa, hao ndio wanaoshusha hesabu.

Nirudi kwenye swali la mzee, maana kumbe lilikuwa na hesabu nyuma yake. Watafiti wale wa Pemba walipima gharama kwa kipindi cha miaka 10. Ukiwachanja watu walioumwa peke yao bila kuwagusa mbwa, kuzuia kifo kimoja kunagharimu dola 256. Ukifanya yote mawili, yaani chanjo ya mbwa ya kila mwaka pamoja na chanjo ya bure kwa walioumwa, kuzuia kifo kimoja kunagharimu dola 1,657. Zaidi ya mara sita! Mzee wetu angezipata namba hizi usiku ule angetusomea kwa sauti, na kijana asingekuwa na la kusema.

Nilikaa na namba hizo siku kadhaa. Zimehesabiwa vizuri, wala sina sababu ya kuzikataa. Lakini nikaanza kujiuliza kipi kiko ndani yake na kipi kimebaki nje.

Kwanza, zote mbili zinahesabu vifo. Hazimhesabu mtoto aliyeraruliwa shavu akapona. Hazihesabu nauli ya kwenda na kurudi kituoni kwa dozi ya siku ya kwanza, ya tatu baadaye na ya saba, mama akiacha kazi ya mwani au ya karafuu kila safari. Wala usiku ambao baba halali, anamtazama mwanawe kama anakataa maji. Watafiti wenyewe wanasema kubaki bila kichaa kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka Pemba na mbwa mwenye kichaa anayeuma. Familia thelathini ni kijiji kidogo.

La pili ndilo lililonigeuza. Dola 256 zile hazina mwisho. Chanjo ya mtu haimzuii mbwa kumuambukiza mbwa mwenzake, kwa hiyo mwaka ujao utalipa tena kwa ajili ya watu wengine, na mwaka wa ishirini utalipa. Kinachokata mnyororo ni chanjo ya mbwa peke yake. Na bei hiyo ya chini inategemea aliyeumwa afike kituoni, aikute chanjo ipo, na arudi mpaka amalize. Bara, familia zinazotakiwa kulipia chanjo hiyo huuza mbuzi au kukopa kwanza, na siku zinakwenda. Yule asiyefika kabisa ndiye anayekufa.

Sisemi basi mfuko uwape mbwa na kuwanyima watu. Utafiti wenyewe unasema yote mawili kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba ule mgawanyo tulioufanya usiku ule, kapu la watu huku na kapu la wanyama kule, haupo katika ugonjwa huu.

Sasa kuna jambo ambalo kikao kililizunguka bila kulitaja. Kwetu mbwa ni najisi. Nyumba nyingi hazimfugi. Anayefugwa anafugwa kwa ulinzi wa mifugo na mazao, mara nyingi analala nje na hana jina. Mtu anayeona haya kuonekana amesimama karibu na mbwa hatamfunga kamba ampeleke kwa mchanjaji mbele ya watu. Ukileta kampeni bila kulifikiria hili utakaa chini ya mwembe na sindano zako mpaka adhuhuri.

Lakini dini hiyohiyo ina hadithi ambayo sote tumefundishwa chuoni, yaani madrasa, ya mtu aliyeshika njia akapatwa na kiu, akashuka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kwenye khofu yake (kiatu laini cha ngozi), akaibana kwa meno akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Maswahaba wakamuuliza Mtume kama tunapata ujira kwa kuwatendea wema wanyama, wakajibiwa kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira. Niliposoma hili kwenye kikao, mzee alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Anaijua kuliko mimi. Khatibu akiisema Ijumaa moja kabla ya kampeni, naamini itavuta mbwa wengi kuliko gari la matangazo.

Na kwa kuwa nimegusa unajisi na twahara, niseme jambo la vitendo, nikiomba radhi kwa wanaolijua. Kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa, moja kwa udongo, ni suala la ibada, na lina mahali pake na wakati wake. Jeraha ni suala jingine. Aliyeumwa aoshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipakwe udongo kwenye jeraha, wala kahawa, wala pilipili, wala majivu. Na mbwa akionekana mzima, hilo lisimfanye mtu abaki nyumbani.

Kuna waliosema kikaoni kwamba suluhisho ni rahisi zaidi: wauawe. Hoja hii haina haja ya maneno mengi, ila nitoe mfano wa kisiwa kingine. Mwaka 1997 kichaa kilifika Flores, Indonesia, kikiletwa na mbwa watatu kutoka Sulawesi. Katika miaka iliyofuata waliuawa mbwa karibu nusu ya waliokuwepo. Kichaa hakikutoka. Ukiua mbwa, mwenye mbwa wake humficha au humhamishia kwa shemeji yake kijiji cha pili, na waliozaliwa baadaye huja bila kinga.

Mfuko kama wetu ufanye nini, basi? Sisi si Gates. Uchanjaji ni kazi ya idara ya mifugo, na hatuna haja ya kuunda jumuiya nyingine yenye mhuri na mwenyekiti. Utafiti wa kaskazini mwa Tanzania uliotoka 2009 ulikadiria kwamba kumchanja mbwa mmoja katika jamii za wakulima na wafugaji kuligharimu dola 1.73, na katika jamii za wafugaji wanaohamahama, ambako mchanjaji lazima awafuate, dola 5.55. Tofauti hiyo kati ya bei mbili ndiyo iliyonifungua macho. Chanjo ni ileile. Kinachopandisha gharama ni safari, ni kumfikia yule wa mwisho. Na hapo ndipo watu wa mahali wanapoweza kusaidia kwa fedha kidogo: mafuta ya pikipiki ya kumfikisha mchanjaji shehia za pembeni na visiwani, kamba, ukosi wa rangi wa kumtambulisha mbwa aliyechanjwa ili baadaye wahesabiwe, sheha, yaani kiongozi wa shehia, kupita nyumba kwa nyumba siku moja kabla.

Kuna pia majaribio ya mkoani Mara yaliyonipendeza. Ilithibitishwa 2016 kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa inayotumika huku huhimili joto la nyuzi 25 kwa miezi sita bila kuharibika. Watafiti wakatengeneza kifaa cha udongo cha kupoozea, kwa kanuni ileile ya mtungi wetu wa maji, ili chanjo ikae kijijini na mtu wa kijijini awachanje watoto wa mbwa wanapozaliwa badala ya kungoja msafara wa mwaka. Kama kuna jambo linaloweza kuziba pengo la aina ya 2014 hadi 2016, nadhani linafanana na hilo. Kule Mara na Serengeti, kwa njia, mbwa wa vijijini wamekuwa wakichanjwa kwa miaka mingi kwa msaada wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya Chicago. Watu wa Chicago waliona faida kuchanja mbwa wa Mugumu huko Serengeti, maana mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, homa ya distempa, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza. Hoja kubwa haikuwa tena mbwa au watu. Ilikuwa ni kiasi gani na kwa muda gani. Kijana aliomba fungu moja kubwa. Mweka hazina, mwanamke asiyependa maneno mengi, akakataa. Akasema fungu kubwa la mara moja ndilo lililoleta 2016, akapendekeza kidogo kila mwaka, kiandikwe kwenye daftari mstari wake wenyewe, kisiguswe hata kama mwaka huo hakuna aliyeumwa. Mtu mmoja alisema yeye mchango wake uende kwa wagonjwa tu, hataki wake uguse mbwa. Tukamwandikia hivyo, na hakuna aliyemsumbua.

Mzee wa mlangoni aliuliza swali moja: nani atahakikisha mchanjaji amefika kweli mpaka visiwa vidogo vya Makoongwe na Fundo? Tukakubaliana idara ikishamaliza, masheha watupe idadi ya mbwa waliochanjwa kwa kila shehia, na shehia itakayokuwa na sifuri ndiyo itakayoanza kupata mafuta mwaka unaofuata. Akasema sawa, akatoa elfu kumi mfukoni, akamkabidhi mweka hazina, akaomba risiti.